Laini ya simu ya marehemu Baba: tuifunge au tuiache?

Kutoka: Mama Mapacha, Leicester

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Asanteni kwa rambirambi. Mchango wenu ulisomwa kwenye daftari nyumbani Uru, Moshi, mbele ya watu wote, na wazee wakasema aika, yaani asante.

Nilifika siku moja kabla ya mazishi. Nilipitia Addis Ababa, nikashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mchana, na kabla jua halijazama nilikuwa kwenye mkeka na mama zangu wadogo. Baba tulimlaza kihambani, shamba letu la nyumbani, pembeni ya mama, karibu na mstari wa masale, ile mimea ya mpakani, unaotutenga na kwa baba mkubwa. Mengine ya msiba mnayajua. Misiba ya kwetu haipishani sana, labda kwa ladha ya mtori tu.

Kilichonileta kwenu ni simu. Baba alikuwa na kiswaswadu, kile chenye tochi, mfuniko wa betri umeshikiliwa na mpira wa kufungia noti. Kila Jumapili akitoka misa ya pili ananibipu. Mlio mmoja na nusu, anakata. Mwalimu mstaafu, ana pensheni na kahawa yake, lakini kupiga mwenyewe hapana: "Wewe ndiye uko Ulaya." Basi nampigia, namkabidhi mapacha. Hakuwa mtu wa "mmekula nini". Yeye ni hesabu moja kwa moja: "Babu ana miche arobaini ya kahawa, mbuzi wa jirani amekula saba, imebaki mingapi?" Wakikosea, mbuzi anarudi, wanapewa swali jingine. Kiswahili cha wanangu ni cha kuokoteza, lakini kutoa na kujumlisha kwa Kiswahili wanakujua kuliko kuomba maji ya kunywa.

Sasa ndani ya simu hiyo kuna shilingi 186,400. Mdogo wangu, kitinda mimba, anajua namba ya siri (Baba aliiandika kwa kalamu nyuma ya picha ya kipaimara changu, usalama wa mwalimu huo). Anasema tuzitoe tupunguze deni la turubai na viti, kisha laini tuitupe. Mimi sitaki itupwe. Nilikaa nayo siku nne baada ya mazishi, ikalia mara kumi na moja. Mmoja wa waliopiga ni mzee, akauliza, "Mwalimu yupo?" Nikamwambia Mwalimu ametutoka, tumemzika Alhamisi. Akanyamaza mpaka nikadhani imekatika, nasikia jogoo tu upande wake. Kisha akasema, "Ananidai elfu ishirini. Nimpe nani?"

Naombeni ushauri. Aliyewahi kupitia hili alifanyaje?


Kutoka: Kaka wa Kibosho, Houston

Pole sana dada. Nitakuwa mkavu kidogo, unisamehe. Haya mambo yalinigharimu nauli mara mbili.

Mwambie mdogo wako asiguse hizo hela. Simaanishi ni mwizi. Mtu akishafariki, kilichomo kwenye simu yake ni mali ya marehemu, sawa na ng'ombe zizini. Kwetu shemeji alitoa laki mbili za jeneza kwa nia njema kabisa. Mpaka leo ukoo ukikaa, laki mbili inatajwa. Jeneza hakuna anayelikumbuka.

Kwanza kifo kisajiliwe. Sheria inataka ndani ya siku 30, mkipitisha hapo mtaanza kuulizwa maswali. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kikitoka, ukoo ukae na uandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, warithi wote watajwe kwa majina. Muhtasari huo ndio unaokwenda Mahakama ya Mwanzo. Wewe uliye nje usikubali kuandikwa "ameridhia kwa simu". Andika ridhaa yako, isaini mbele ya wakili anayethibitisha hati huko uliko, uulize ubalozini kama inahitaji muhuri wao, halafu tuma karatasi yenyewe, sio picha. Yangu ilirudishwa kwa sababu jina la pasipoti lina herufi moja zaidi ya lile la kwenye muhtasari. Herufi moja! Kwa hiyo kabla hawajaandika, wasomee jina lako herufi kwa herufi, hata kama anayeandika ndiye aliyekubatiza.

Msimamizi akishateuliwa, ndiye atakayekwenda duka la kampuni ya simu na barua ya mahakama na cheti cha kifo. Laini siku hizi zimesajiliwa kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole. Kuihamishia jina lako si suala la kubonyeza-bonyeza.

Halafu, chama chake cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa kahawa, mmekiarifu? Kama alipeleka kahawa msimu huu, mnada ukishafanyika huenda kuna malipo ya pili, na watakaopiga watapiga namba hiyohiyo. Kwa sababu hiyo tu ningeiacha hewani. Machozi ni habari nyingine.


Kutoka: Bibi wa Sakina, Hamburg

Mwanangu Mama Mapacha, pole. Huyo wa Houston kasema kweli yote, ila kaisema kama karani.

Mimi laini ya marehemu mzee wangu niliilea. Kila mwezi natuma vocha kutoka hapa, sina wa kumpigia, natuma tu. Majira fulani ya baridi nikalazwa hospitali miezi kadhaa, nikasahau. Laini ikafungwa. Baadaye sana mjukuu wangu akaipiga kwa mazoea, ikaita! Akaniletea simu macho yamemtoka. Akapokea kijana anayeuza kuku soko la Kilombero pale Arusha. Nikamwambia hii ilikuwa namba ya mume wangu. Akasema, "Shikamoo mama. Ndiyo maana watu wananiita mzee." Mpaka leo Krismasi tunaamkiana.

Kwa hiyo vocha usiitegemee. Toa majina yaliyomo ndani. Kiswaswadu hakihifadhi kitu popote, kikizama kwenye ndoo ya maji kimekwenda na kila kitu. Mdogo wako achukue daftari, anakili majina yote na namba zote, kwa mkono, taratibu. Asiruke hata moja kwa kuwa hamjui mtu huyo.

Na hao watoto, hesabu ziendelee. Nani amemkataza mbuzi?


Kutoka: Mama Mapacha, Leicester

Ndugu zangu, wiki saba zimepita, nimewaweka roho juu.

Cheti kimetoka. Ukoo ulikaa, ukampendekeza dada yetu mkubwa. Wazee wawili walikohoa kidogo, wakatulia. Ridhaa yangu nimeituma, jina nililisoma herufi kwa herufi mpaka baba mdogo akaniuliza kama naumwa. Mahakamani bado. Kaka wa Houston, ulijuaje? Chama kilipiga simu wiki ya tatu, malipo ya pili yapo, wanasubiri barua ya mahakama. Na yule mzee alikuja kwenye arobaini kwa miguu, na noti mbili za elfu kumi ndani ya bahasha ya mbegu za karoti. Dada ameziandika kwenye daftari.

Bibi, mdogo wangu alinakili majina. Yako 214. Alikuwa ananisomea kwa video, mimi najaza upande wangu. Tulipofika herufi M tukaona "Mar." nyingi, tukadhani ni akina Maria. "Mar. Fundi Saa." Kimya. "Mar. Mwl. Hisabati." "Mar. Jirani Juu." Ndipo tukaelewa. Baba alikuwa akizika mtu, anarudi nyumbani, anafungua jina lake kwenye simu na kuongeza marehemu mbele. Hakufuta hata mmoja. Mdogo wangu akasoma "Mar. Mama", namba ya mama aliyetutoka 2016, akaweka daftari chini akaenda kuangalia ndizi jikoni. Hakuna ndizi zilizokuwa jikoni. Suala la kutupa laini hajalitaja tena.

Usiku ule nami nikafungua simu yangu nikaandika "Mar. Baba". Amehama kutoka B kwenda M, yuko katikati ya "Mapacha Shule" na "Mwenye Nyumba".

Jumapili iliyopita, muda uleule, simu ikalia mlio mmoja na nusu, ikakata. Mar. Baba. Mapacha waliinua vichwa wote wawili. Nikapiga, mkono unatetemeka. Ni mdogo wangu: laini yake haina salio, mwenye turubai amekaa barazani tangu asubuhi na anataka kuongea na "yule wa Ulaya".

Kwa hiyo swali jingine, hasa kwa Kaka wa Houston. Deni la turubai na viti linalipwa kutoka kwenye mirathi, au tuchange sisi watoto? Naomba jibu kabla ya Jumapili.