Tupeane uzoefu: kiu ya baharini

Kasa wa Shela: Jana stima iliporudi nikatazama Lifeboat ya Hitchcock, ya 1944, nyeusi na nyeupe. Sijui kwa nini watu hawaitaji. Meli imezamishwa na nyambizi ya Kijerumani, waliosalia wako kwenye mashua moja, na filamu nzima haitoki humo. Wanamwopoa Mjerumani mmoja, kumbe ndiye nahodha wa nyambizi, na maji kajifichia yake. Nikakumbuka tulivyopwelewa Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari hapa Lamu, saa tano nzima juani, chupa moja watu tisa. Nyie je?

Bamvua77: Mkanda tena! Nani humu hajapwelewa hapo?

Nahodha Mstaafu: Mkanda si bahari, ni barabara. Kiu hamuijui.

Mwana wa Faza: Mimi naijua. Tulitoka Kiunga kuja Amu, wakati wa maleleji, watu saba. Mashine ikakata nje ya Kiwayu, tanga hatukubeba, mkondo ukatuvuta mpaka bara ikazama machoni. Maji ni dumu moja la lita tano, na siku ya kwanza tuliyanywa kama tuko harusini. Siku ya pili ulimi umekuwa ngozi ya papa. Nikajaribu kutoa shahada, ikatoka sauti ya mbuzi. Mwenzetu mmoja kakaa tezini, kajifunika kikoi, kimya. Kila kitambo anatema mate. Pwu! Ile "pwu" ndiyo iliyonizindua. Sisi mate ya kumeza hatuna, wewe ya kutema umeyatoa wapi? Nikamvuta kikoi: chupa ya soda, imebaki vidole viwili, kizibo kakifunga kwa uzi kisidondoke.

Kasa wa Shela: Wallahi ndivyo! Yule Mjerumani alifichuliwa na jasho. Wenzake wamekauka, yeye anatiririka.

Kijana wa Mkomani: Ahsante kwa kunimalizia filamu. Ndiyo kwanza naishusha.

Kasa wa Shela: Ina miaka 80 na ushei, wangu. Ulikuwa wapi?

Nahodha Mstaafu: Mwana wa Faza, mkamtosa?

Bi Mkadi: Astaghfirullah, nahodha! Kwenye filamu walimvamia karibu wote wakampiga, wakamtosa, nami sikulala. Nilimchukia yeye, kisha nikawachukia wao.

Nahodha Mstaafu: Chombo kina sheria yake.

Bi Mkadi: Sheria ya chombo ni nahodha kukagua maji kabla ya kung'oa nanga. Hiyo mbona huitaji?

Mzee wa Tiba: Kiu ikizidi, changanya maji ya chumvi na matamu, nusu kwa nusu.

Muuguzi wa Pwani: Jamani msimsikilize. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na figo huitoa kwa maji mengi kuliko hayo uliyokunywa. Unazidi kukauka. Jitieni kivuli, roweni nguo, na msile kama maji hamna.

Mzee wa Tiba: Babu yangu aliyanywa na alikula chumvi nyingi.

Bamvua77: Babu yako alikunywa tembo.

Kijana wa Mkomani: Acheni babu za watu. Mwana wa Faza, ikawaje?

Mwana wa Faza: Hatukumtosa. Vile vidole viwili tulivigawa kwa kizibo, na yeye tukampa kizibo chake. Alfajiri jahazi la boriti likatuona.

Kijana wa Mkomani: Mnasalimiana?

Mwana wa Faza: Ni mkwe wangu. Nikienda kwake, sijavua viatu, nishawekewa jagi.