Naomba ushauri: sola ya paa Ujerumani, mita janja ifungwe sasa au isubiri?

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaofuatilia sheria za sola Ujerumani.

Mtambo ni wa kilowati 9.8, paneli zinatazama kusini, betri ya uniti 10, umewashwa Novemba 2025. Umeme unaouzwa kwenye gridi unalipwa senti 7.86 za yuro kwa uniti, miaka 20. Kwa kuwa umewashwa baada ya 25 Februari 2025, hauruhusiwi kupeleka zaidi ya asilimia 60 ya uwezo wake, yaani kilowati 5.88, mpaka ufungwe mita janja (mita ya kidijitali inayotuma vipimo yenyewe) na kifaa cha kuuongoza kutoka mbali, kisha mwenye gridi aujaribu na kuridhika.

Penye utata ni hapa: mita ikishafungwa, kuanzia Januari inayofuata hulipwi saa ambazo bei ya umeme kwenye soko la jumla iko chini ya sifuri, yaani umeme umezidi mahitaji. Fidia yake inasogezwa baada ya ile miaka 20, mbali mno. Na bei hizo huja mchana wa jua kali, hasa Jumapili viwanda vikiwa vimefungwa.

Kikomo cha asilimia 60 nacho kinauma kwa sababu betri huanza kuchaji alfajiri; kabla ya saa sita imejaa, na inveta inabana uzalishaji wakati paa lina nguvu zaidi.

Je, kuna anayetumia programu ya kuchelewesha kuchaji kwa kufuata utabiri wa jua? Inaokoa kiasi gani? Na mita ikiombwa, si bora ifungwe Januari kuliko Desemba, ili kupata karibu mwaka mzima bila vikwazo vyote viwili?