Fainali za kombe la mtaani: tupeane uzoefu, hasa mliopiga penalti gizani

Kipa wa Chaani
Jumapili nimepita uwanja wa Bomu, hapa Mombasa, saa 10 na robo, nikakuta chokaa ndiyo kwanza inamwagwa kwenye mistari, timu zote mbili zimejibanza kwenye kivuli cha basi, na bango limeandikwa FAINALI. Mechi ilikuwa ianze saa 9. Moyo ukanienda mbio. Anayejua viwanja vyetu visivyo na taa anajua fainali kama hiyo huishia wapi. Mliocheza, mliochezesha, mliosimama pembeni, tupeane. Langu nitaliandika nikitulia.

Winga wa Mtongwe
Sisi watu wa ng'ambo tuna yetu. Fainali iko kisiwani, feri imekwama, nusu ya timu iko Likoni, na kocha yuko upande huu na gunia la jezi. Tulianza tukiwa 7, kwa sababu sheria yasema ukipungua hapo hakuna mechi. Wengine wakaingia mmoja mmoja, wakitoka mbio kivukoni. Tumeshafungwa 2 na straika wetu bado anafunga kamba za njumu.

Beki Mbili
Feri wacha tu.

Mama wa Namba Sita
Mimi huuza viazi karai na mihogo pembeni mwa uwanja, na mwanangu yuacheza kiungo. Giza likiingia naacha karai, namtafuta kwa rangi ya jezi, na rangi yenyewe siioni. Ni watoto wale. Wakigongana vichwa gizani nani atajua?

Kipa wa Chaani
Haya, langu ni hili. Mgeni rasmi alichelewa, na kamati haikutaka tuanze kabla hajatukagua na kutusalimia kwa mkono. Tukakaa hadi miili ikapoa. Dakika 90 zikaisha 1-1, jua limeshalala. Muda wa ziada ukafutwa hapohapo, tukaambiwa penalti.

Tatu za kwanza niliziona. Ya nne nikawa naona mguu wa mpigaji, mpira siuoni. Ulikuwa umechubuka ngozi, umekuwa rangi ya mchanga. Kutoka mita 11 mpira hukufikia kwa kama nusu sekunde tu, na hapo ni mchana. Adhana ya magharibi ikaanza. Mpigaji akasimama na mpira mkononi, uwanja mzima ukanyamaza, na hakuna aliyewaamuru.

Ilipokwisha, vijana wa boda wakapanga pikipiki nyuma ya goli langu wakawasha taa. Nia yao ilikuwa njema. Mpigaji akalalamika kwamba zinampofua. Zikahamishwa nyuma yake, sasa zikanipiga mimi usoni. Penalti ya mwisho niliifuata kwa sikio. Nimesikia njumu ikigonga ngozi, nikaruka kulia. Mpira ukanigonga kifundo cha mkono, ukapaa, ukagonga mtambaa panya, ukashuka. Uliposhukia sikupaona. Nyavu zilikuwa na tundu, mpira ukaokotwa nje nyuma ya goli. Mshika kibendera akasema umeingia, watu wakafurika uwanjani, kombe likabebwa juujuu.

Kufungwa nimefungwa mara nyingi na nikalala usingizi. Hii haijanitoka. Hadi leo hakuna mtu wa uwanja ule anayeweza kuniangalia machoni akaniambia mpira ulipita chini ya mtambaa panya au juu yake.

Beki Mbili
Subhanallah.

Straika wa Mishomoroni
Mlidhulumiwa. Penalti za kuamua mshindi, kipa akishaugusa mpira umekufa. Hata ungeingia, si goli.

Mshika Filimbi
Hapana, ndugu yangu, usiwapotoshe watu. Asiyeruhusiwa kuugusa tena ni mpigaji. Mpira ukimgonga kipa, ukagonga mlingoti au mtambaa panya, kisha ukavuka mstari kabla haujasimama, ni goli halali. Kilio cha Kipa ni kingine: kama ulivuka. Na hilo refa asiyeona hawezi kulijibu.

Sheria yampa refa uwezo wa kusimamisha mechi kwa sababu ya giza. Lakini kombe liko mezani, mgeni rasmi yuko kitini, watu wamezunguka uwanja usio na uzio, wengine wameshalipa nauli ya matatu kutoka Mikindani na Kisauni. Ukitamka “turudi kesho”, utatoka uwanjani na nani?

Straika wa Mishomoroni
Basi kamati ilaumiwe. Dhuluma ni dhuluma.

Beki Mbili
Wewe leo wazungumza dhuluma? Fainali ile mliyotufunga, mamluki wawili wa daraja la juu walitoka wapi?

Straika wa Mishomoroni
Walisajiliwa. Orodha ipo.

Beki Mbili
Walisajiliwa asubuhi ya fainali!

Mama wa Namba Sita
Mwenzenu anaeleza uchungu wake, nyinyi mwagombana.

Mzee wa Majengo
Wanangu, mji huu si mgeni wa makombe. Feisal, timu ya hapa Mombasa, walikuwa mabingwa wa Kenya 1965, na Ali Kajo, aliyechezea timu ya taifa, ni mtu wa hapahapa. Juzi tu, 2019, Bandari, timu yetu nyingine, walikwenda Machakos wakawapiga Kariobangi Sharks 3-1, wakachukua kombe la taifa, likawapeleka mashindano ya Afrika. Vijana wa kufika huko wako mitaani, na sisi twawapimia gizani.

Pigeni hesabu. Mkianza saa 10, dakika 90 na mapumziko zawafikisha saa 12 kasorobo. Muda wa ziada wa dakika 30, ni saa 12 na robo na ushei. Penalti zinaangukia magharibi, kila mwaka. Mkianza saa 9 kamili, hata penalti mtamaliza jua lingalipo.

Winga wa Mtongwe
Saa 9 wakati wa kaskazi, kwenye vumbi lile? Watazimia. Bora asubuhi saa 2.

Beki Mbili
Asubuhi ya Jumapili nusu ya timu iko kanisani, na wadogo wako madrasa. Nani atacheza?

Straika wa Mishomoroni
Mgeni rasmi aandikiwe kadi ya saa 7. Atafika saa 9.

Mshika Filimbi
Au asikague kabisa, atoe kombe tu. Na kamati inunue mpira mweupe mpya, uwekwe kando kwa ajili ya penalti. Nyavu zishonwe asubuhi, refa azikague kwa mkono wake kabla ya mechi.

Kipa wa Chaani
Nyavu, tafadhali. Nyavu kwanza.

Mama wa Namba Sita
Wa kwangu ana fainali Jumamosi, kombe la vijana, na karatasi imeandikwa saa 10. Kuna anayemjua mtu wa kamati?

Mshika Filimbi
Mimi ndiye niliyepangiwa mechi hiyo, mama. Kesho nawaendea mwenyewe, waisogeze iwe saa 9. Na wewe waite wazazi wenzako, tuwe wengi.

Mama wa Namba Sita
Nawapigia sasa hivi.