MJADALA: Bosi anayetuambia "fanyeni kazi kama nyuki", mzinga anaujua?

Wadau, naleta hoja hii tuijadili bila matusi. Siku hizi ni nadra kupata semina ya wafanyakazi isiyo na mhamasishaji wa kutuambia tuige nyuki au chungu: tujitume, tutii, tusilalamike. Wengine hufungua kabisa Mithali 6, "Ewe mvivu, mwendee chungu", wakaishia aya ya 6. Aya ya 7 inasema chungu huyo hana akida, wala msimamizi, wala mkuu. Hiyo sijasikia meneja akiisoma.

Msimamo wangu ni kwamba mzinga unaohubiriwa maofisini haupo. Malkia wa nyuki hatoi amri. Kazi yake ni kutaga, zaidi ya mayai 1,000 kwa siku msimu ukiwa mzuri, na harufu yake huwajulisha wengine kuwa yupo. Nani asafishe, nani alee majana (watoto wa nyuki), nani alinde mlango, nani aende porini, huamuliwa na umri wa nyuki na mahitaji ya wakati ule.

Kundi likitafuta makazi mapya, wapelelezi hutangulia. Anayerudi hucheza kuwaonyesha wenzake alikokwenda (Karl von Frisch aliyefumbua siri ya mchezo huo alipata Nobel mwaka 1973). Pango zuri huchezewa zaidi, wengine huenda kulikagua wenyewe, na waliolikubali wakishakuwa wengi ndipo kundi huondoka. Malkia hatii saini popote, hufuata tu. Linganisheni na kikao cha Jumatatu ambacho uamuzi wake ulishapita Ijumaa.

Tuje kwenye uvivu. Daniel Charbonneau na Anna Dornhaus wa Chuo Kikuu cha Arizona walifuatilia koloni za sisimizi wadogo wa jenasi ya Temnothorax, wakakuta karibu asilimia 40 wamekaa tu muda mwingi. Walipoondoa asilimia 20 waliokuwa wakichapa kazi kuliko wote, ndani ya wiki moja waliokuwa wamekaa wakaziba pengo. Kumbe walikuwa akiba. Ofisi zetu zingeshawapunguza kazini zamani.

Bosi anajiona malkia, kumbe yeye ni mrina asali. Wafugaji wa Tabora hutundika mizinga mitupu juu ya miti ya miombo, wakangoja kundi liingie lenyewe. Njaa ikizidi, siafu wakivamia au usumbufu ukipita kiasi, nyuki wa Afrika huhama wote. Mrina mwenye akili huwaachia masega ya kutosha. Semina hiyo wapewe waajiri.

Karibuni.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, umechagua yanayokufaa. Mbona madume umewaruka? Chakula kikipungua hutolewa nje wafe. Nyuki kibarua akitaga yai, mara nyingi wenzake hulila. Huko hakuna chama cha wafanyakazi wala notisi ya siku 28. Mimi naona tuwaache nyuki na maisha yao.

Mchangiaji wa 3: Halafu wale mama yao mmoja, ghala lao moja. Mimi na mkurugenzi wangu ghala gani tunagawana? Na hili la kuishi bila msimamizi nimeliona. Niliwahi kufanya kazi mahali tulipoambiwa sote tuko sawa, hakuna bosi. Baada ya muda wawili waliozoeana na mwenye fedha wakawa ndio wakubwa, tena wakubwa usioweza kuwashtaki popote, maana vyeo hawana. Heri meneja ninayemjua. TRA wakigonga mlango, lazima awepo wa kujibu.

Mleta mada: Namba 2, la madume nimekubali, na ndiyo maana sitaki mzinga utumike kutuhubiria maadili. Namba 3, umenibana. Sisemi mameneja waondoke. Kinachonivutia ni yule mpelelezi: ameona pango kwa macho yake, na taarifa yake inaingia kwenye uamuzi bila kuchujwa na ngazi nne. Kwetu anayeonana na mteja kila siku ni mtu wa kaunta, dereva au mlinzi. Nitajieni sehemu moja, ya serikali au binafsi, ambako mmoja wao alisema "huko tunakokwenda siko", na safari ikasimamishwa wakubwa wakakague.