Mchezeshaji, goblini wako anapigania nini?

Mwenye Meza
Wakuu, naleta hoja ambayo imetugombanisha mezani kwetu wiki mbili sasa. Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, na mchezeshaji, yaani anayesimulia na kuendesha mazimwi, ni mimi. Jumamosi moja goblini kumi, yale mazimwi madogo, walivamia msafara wa wachezaji wangu. Sita wakaanguka kabla raundi ya tatu haijaisha. Wanne waliobaki nikawaacha waendelee kurusha mishale mpaka wa mwisho. Mchezaji mmoja, huku akikusanya dadu zake, akaniuliza: "Hivi hawa wanapigania nini?" Nikakosa jibu.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: uhalisia wa mwili hatuuhitaji, ila uhalisia wa nia tunauhitaji kila pambano. Joka zito vile linarukaje? Mimi sijali. Galileo alishaeleza mwaka 1638 kwamba mnyama akikuzwa bila kubadilishwa umbo, uzito unaongezeka haraka kuliko nguvu ya mifupa. Kwa hesabu hiyo majitu yetu yote yangevunjika miguu yakisimama tu. Tukianza na hayo, kitabu cha mazimwi tukifunge tukalale. Lakini zimwi lisilotaka kitu halitishiki, halihongeki, halidanganyiki. Wachezaji wanabaki na kazi ya kupunguza namba yake ya uhai.

Angalieni wale simba wawili wa Tsavo, mwaka 1898. Waliwala wajenzi wa reli kwa miezi, kazi ya daraja ikasimama. Baadaye fuvu lilipochunguzwa, mmoja alionekana ana chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi. Si maelezo ya kila kitu, lakini kwa mchezeshaji ni dhahabu: mwindaji mwenye jino bovu hutafuta windo laini. Mpe troli wako, lile zimwi kubwa linalokula watu, jino hilo, uone wachezaji watakavyoanza kuchunguza mifupa iliyotafunwa badala ya kukimbilia upanga.

Dadu Mbovu
Mkuu, umeongea vizuri ila unasahau saa. Sisi tunakutana kwa muda wa saa tatu tu kila wiki, wawili kati yetu wanatoka kazini. Goblini akikimbia leo, wiki ijayo anarudi na kijiji kizima, na hadithi niliyoiandaa inaota mbawa. Watu wanakuja kupiga mazimwi, hawaji kusomeshwa baiolojia ya simba.

Na huo uhalisia mnautoa wapi? Yule dubu mwenye kichwa cha bundi, na yule mdudu anayegeuza chuma kuwa kutu, walizaliwa kutokana na vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, ambavyo Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu, alivinunua avitumie mezani. Kinyago kilitangulia, maelezo yakafuata. Leo mnataka nikiulize kina nia gani?

Shangazi Kete
Mwanangu Dadu Mbovu, jambo hili lilishapatiwa dawa zamani, tena bila kupoteza muda. Kitabu cha msingi cha mchezo huu cha mwaka 1981 kilimpa kila zimwi namba ya ujasiri, kuanzia 2 hadi 12. Mmoja wao akifa, na tena nusu yao wakiisha, unarusha dadu mbili za pande sita. Ukizidi namba ile, wanakimbia au wanasalimu amri. Goblini ana 7, kwa hiyo anakata tamaa kama mara mbili katika kila tano. Mifupa inayotembea ina 12, haikimbii kamwe, na hapo hakuna atakayekuuliza inapigania nini. Sekunde tano tu! Pambano linaisha mapema, wewe unalalamikia saa.

Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Goblini uliyemwacha hai ndiye atakayewaonyesha njia ya nyuma ya pango. Mimi nimewahi kuendesha miezi minne ya kampeni, yaani hadithi moja ya vikao vingi, kwa sababu ya mmoja aliyesalimu amri akilia. Jina lake nilimtungia palepale, baya kweli.

Dadu Mbovu
Shangazi, shikamoo, nimekubali nusu. Dadu ikiamua, sawa. Ninachokataa ni mchezeshaji kukaa anafikiria "huyu angefanya nini kweli" wakati watu watano wanamsubiri.

Mgeni wa Meza
Mimi ni mchezaji, sijawahi kuchezesha. Naomba tu zimwi liwe lilelile jana na leo. Tumejifunza kwa damu kwamba, kwa kitabu cha mwaka 2014, troli anarudishiwa pointi 10 za uhai kila zamu yake ikianza, isipokuwa akiwa ametoka kuunguzwa kwa moto au tindikali. Mchezeshaji wetu siku moja akabadilisha eti ili tusichoke. Nilichoka zaidi.

Mwenye Meza
Mgeni umenigusa, maana hata mimi nimewahi kufanya hivyo, na niliona nyuso zao. Dadu Mbovu, suala la kufikiria mezani nakupa. Sasa naandika neno moja tu pembeni ya kila zimwi kabla ya mchezo: njaa, mayai, deni, hofu. Jumamosi hii troli yuko chini ya daraja, na kando yake nimeandika "jino". Shangazi, namba yake ya ujasiri niipunguze kwa maumivu, au maumivu yanamzidishia ukali?

Shangazi Kete
Ipunguze. Ila wakimgusa shavu, iongeze.