Huzuni, majonzi, simanzi: tofauti yake nini hasa?

mdadisi_tu: Wakuu habari zenu. Hivi huzuni, majonzi na simanzi ni kitu kimoja au kila neno na mahali pake? Nauliza maana kwenye matangazo ya vifo nayakuta yote yamepangwa mstari mmoja, halafu mtu akiwa na huzuni kweli kweli sijawahi kumsikia akisema "nina simanzi".

Babu Kamusi: Huzuni ndo pana, inabeba kila kitu toka timu kufungwa mpaka kufiwa. Majonzi na simanzi ni mazito zaidi, huwezi kusema una majonzi kisa umepoteza chaja, watu watakucheka. Ila kati ya hayo mawili tofauti ni ndogo sana, nadhani watu wanayarundika kwa vile wanaona moja halitoshi. Usilochanganya ni kihoro, hiyo ni huzuni ya kupotelewa inayokuja na mshtuko, ndo maana tunasema fulani nusura afe kwa kihoro. Jitimai nayo ipo ila siku hizi ni ya washairi.

Dada T: Hayo ya kuandika hayo 😂 mdomoni mtu atakwambia "sina raha", "moyo mzito", au ile "nina mawazo tu" huku anachezea simu. Na hiyo nina mawazo msiichukulie poa, humo ndani kuna deni, kuna kuachwa, kuna ugomvi wa nyumbani, halafu sisi tunajibu "usiwaze sana yataisha" basi stori imefia hapo, hakuna aliyeuliza mawazo gani.

Nesi wa zamu: Mmesahau sonona. Siku hizi mtu akinuna asubuhi tu anasema ana sonona, hapana jamani, ule ni ugonjwa. Hali inakukaa karibu siku nzima, karibu kila siku, wiki 2 au zaidi, usingizi unavurugika, hata vitu ulivyovipenda havikuvuti tena. Hapo ni kwenda hospitali. Kufiwa ukalia ni majonzi ya kawaida.

mdadisi_tu: Asanteni sana. Sasa kuna jamaa wa kazini kafiwa na mama yake, nimwandikie lipi kati ya haya?

Dada T: Hata moja. Andika "pole sana ndugu yangu", mtaje mama, na umwambie utafika lini msibani.