Mrejesho: zile nati za kushindilia zilizokuwa zikizunguka kwenye bati

Wadau shukran sana. Kwa aliyepitwa, niliuliza mbona nati za M4 (za bolti ya 4 mm) za kushindilia, yaani zile zinazobanwa kwa nguvu kwenye tundu la bati zijishike zenyewe, zinazunguka kwenye bati la chuma la 1 mm ukikaza bolti, kwenye boksi la swichi tunalotengeneza hapa Changamwe. Aliyesema niangalie mdomo wa tundu ndiye aliyepatia: karakana iliyotutobolea ilikuwa ikishapiga keekee inaupanua mdomo uwe laini, kumbe kile chuma cha mdomoni ndicho kinachotakiwa kisukumwe kiingie kwenye mfereji wa nati kiishike, ukikiondoa nati haina pa kung'ata. Sasa tundu ni 5.4 mm, mdomo haujaguswa, na nati inabanwa kwa presi polepole mpaka ilale sawa na bati, nyundo hapana kabisa! Tena tumezipachika upande wa nyuma, ili bolti ikikazwa iivute nati kwenye bati isiing'oe. Nimekaza mpaka spana ikagoma, nati haijatikisika, nimefurahi mno. Bado boksi la stenlesi, manake hii hewa ya chumvi ya Mombasa mnaijua, na hapo nati ya stenlesi ya kawaida haifai, lazima iwe ngumu kuliko bati lenyewe. Mwenye kujua zinapouzwa zile zilizoongezewa ugumu anishtue.